Goti la Shemeji

Kama umegongwa kichwa, na hakuna damu, hakuna bandeji, na watu wanakutazama wanasema "mbona huyu mzima?", basi haya nayaandika kwa ajili yako. Wengine nao wasome, siwafukuzi. Lakini wewe ambaye mwanga wa mlangoni unakuchoma macho, ambaye mtoto wako akicheka unatamani kumfinya na hujui kwa nini, wewe ndiye ninayekusemesha. Siyo wazimu. Mimi nilidhani ni wazimu. Mama yangu alidhani ni uchawi. Mke wangu, nafikiri, alidhani nimemchoka.

Naitwa Maduhu, mtu wa Sapiwi, na ni mtu wa haraka. Hata ugali siusubiri upoe. Nalisema hili mapema kwa sababu ugonjwa huu unataka kitu kimoja tu, utulie, na mimi kutulia sikufundishwa na mtu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Tangu zamani za baba zetu pamba tulikuwa tunauza Ushirika, basi. Halafu likaja lori la kampuni, wakatundika mzani wao ng'ambo ya barabara na kuanza kununua. Kijiji kikapasuka. Waliobaki Ushirika waliwaita wenzao wasaliti. Wa Kampuni waliwaita wenzao washamba. Mimi nilikuwa kibarua wa ghala la Ushirika, kazi yangu kukanyagia pamba kwenye magunia. Masunga, kaka wa mke wangu Nkwimba, alihamia Kampuni kupakia lori. Huyu Masunga kwa Kisukuma namwita mlamu, yaani shemeji, naye ananiita hivyo hivyo, na tulikuwa tunataniana mpaka mgeni akipita anadhani tunagombana.

Wakati wa msimu wa pamba, Kampuni wakatoa dume la ng'ombe lishindaniwe kwa mpira: Ushirika na Kampuni, kwenye uwanja wa shule. Mimi nikakaa golini. Masunga akawa fowadi wao.

Kilichotokea nakueleza kama nilivyoelezwa. Mpira ulipenyezwa katikati, Masunga akaukimbilia, nami nikatoka golini nikaulalia. Nilikuwa nimeshaukumbatia, niko chini kwa ubavu, ndipo goti lake likanifika hapa juu ya sikio. Watu wa Ushirika wanasema nafasi ya kuruka ilikuwepo, hakuruka, na kipa akishalala amejisalimisha, hagongwi. Watu wa Kampuni wanasema mtu aliye mbioni hana breki, na kipa ndiye aliyejitupa mbele ya miguu. Refa, mwalimu wa shule hiyo hiyo, alipuliza filimbi, halafu hakusema ameipuliza kwa ajili gani. Hajasema mpaka leo.

Mimi nakumbuka nikifunga kamba za viatu asubuhi nyumbani. Halafu nakumbuka dari ya hospitali pale Bariadi mjini. Katikati hapana kitu.

Sasa sikia alichofanya mama. Aliniona pale chini, macho wazi, mikono imekakamaa juu, akapiga yowe. Kama si mtu wa kwetu, huenda hujui uzito wake. Yowe likipigwa Usukumani, unaacha ulichoshika, unachukua fimbo, unakimbilia linakotoka. Asiyekimbia anatozwa. Kwa hiyo watu walimwagika kutoka mashambani, wengine na pinde na mishale, wakidhani ng'ombe wameibwa. Wanahema, wanauliza, "Wamepita wapi? Wamepita wapi?" Wakakuta vijana wamevaa bukta. Hapo hata mimi nikisimuliwa nacheka.

Lakini yowe halipigwi bure. Likishapigwa lazima awepo mwenye kosa. Ama kuna aliyetenda ubaya, na huyo atatengwa, ama hakuna, na hapo aliyelipiga ndiye mkosaji, kwa kuwatoa watu mashambani kwa uongo. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakakaa jioni ile ile. Mtemi wao, mzee Ngasa, akasema kesi hii haina ugumu. Maduhu mwenyewe ndiye aliyegongwa. Akipona atasimama hapa atuambie kama mlamu wake alimkusudia. Mpaka siku hiyo Masunga asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, na atakayemsemesha atakuwa kama yeye.

Basi mimi nimelala Bariadi, sijui hata leo siku gani, kumbe nina kesi na shahidi ni mimi. Nikisema alinikusudia, mke wangu anampoteza kaka yake. Nikisema hakukusudia, mama yangu anatiwa hatiani kwa kunililia. Na sikumbuki chochote.

Nianze na benchi la hospitali, maana utalikalia sana. Kwenye benchi kila mtu ana kitu cha kuonyesha. Huyu ana mguu umevimba, yule mtoto ameungua uji. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Na wewe baba, unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kichwa tu?"

Hiyo "tu" niliisikia mwaka mzima. Ningekuwa na nguvu ningemjibu vibaya, lakini kusema kulikuwa kunanitapisha. Daktari akanimulika macho kwa tochi, akanitembeza kwa mstari, nikaenda upande kama mlevi. Akasema hakuna kilichovunjika. Niende nyumbani, nisifanye kazi, nisikae juani, nisikimbie, nipumzike.

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka kitulie."

Mpaka kitulie! Afadhali angenipa sindano. Mtu wa kwetu akipigwa sindano anajua ametibiwa. Kupumzika ni dawa gani hiyo, na pamba iko shambani inaanguka?

Kiangazi kile kilinikuta ndani ya nyumba, dirisha limezibwa kwa gunia. Nikilala, nyumba inazunguka. Nikikaa, shingo inauma. Nikisimama, nataka kwenda mahali, na sijui ni wapi. Nilikuwa nalizunguka zizi la ng'ombe, nazunguka tena, mpaka ndama wakazoea wakaacha kunikimbia. Usingizi ukija unakuja kidogo kidogo, kisha unashtuka moyo unapiga kama umekimbizwa. Redio ya jirani niliisikia ndani ya meno. Na kinu! Nkwimba akianza kutwanga, kila mchi unaposhuka unashuka kichwani kwangu. Sikumwambia. Siku moja nikaona kinu hakipo uani. Alikuwa amekibeba na kukipeleka kwa jirani, na tangu hapo akatwangia huko, juani, bila kuniambia neno. Niliposhtukia nililia. Na kulia nako kulikuwa ugonjwa, kwa sababu nililia pia kuku alipokanyagwa na ng'ombe.

Pua ikafa. Hilo sikuligundua haraka. Nilishangaa tu chakula hakina maana, ugali na udongo sawa. Siku moja maziwa yaliungua jikoni, moshi umejaa, Nkwimba anakuja mbio kutoka nje, na mimi nimekaa hapo hapo karibu na jiko nimetulia. Aliipua sufuria. "Baba Minza," akasema, "husikii harufu?" Nikasema nasikia. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kuongeza kitu kingine kwenye yale yaliyoharibika.

Wageni ndio walionimaliza. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na ni jambo jema, lakini kwa ugonjwa huu ni balaa. Wanaingia, "Mwangaluka, mwangaluka," wanakaa, wanapewa maji. "Pole, Maduhu." Nasema asante. Kisha wanasogeza kigoda karibu. "Hivi, umeanza kukumbuka?" Wa Ushirika waliniambia jinsi goti lilivyoinuliwa. Wa Kampuni waliniletea sabuni na kuniambia jinsi nilivyojitupa. Kila mmoja alinionyesha kwa mwili wake, analala chini kwenye sakafu yangu, anainuka, anainua goti. Mchezo huo umechezwa nyumbani kwangu kuliko uwanjani. Nilianza kuona picha kichwani, lakini ikawa picha ya mzee fulani mwenye kitambi anajilaza kwenye mkeka wangu. Ya kwangu haikuja.

Mama hakuniuliza. Alisema tu, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi niliona kwa macho yangu." Hayo tu, kila siku, akiniwekea uji. Nkwimba naye hakuniuliza. Alikuwa akimwona kaka yake ng'ambo ya barabara, amekaa peke yake chini ya lori, anakula peke yake, naye anapita na ndoo amekaza macho mbele. Siku hizo akirudi kisimani anaitua ndoo mlangoni kwa nguvu, maji yanamwagika. Mimi nasikia mlio wake kichwani na nampigia kelele. Mama anasema, "Mwache mwanangu, ndugu yako ndiye aliyemfanya hivi." Nyumba ikawa na watu watatu wazima wasiotazamana, na mtoto Minza katikati anatafuta wa kumchekea.

Mama akanipeleka kwa mganga. Simcheki mama, aliona hospitali wamenirudisha bila kunichoma hata sindano moja. Mganga akanichanja chale hapa kwenye paji, akapaka dawa nyeusi, sawa, nikavumilia. Halafu akachukua njuga akazitikisa masikioni mwangu. Nilitapika mpaka nikaona nyongo. Akamwambia mama, "Umeona? Unatoka." Mama akafurahi sana. Nilirudishwa kwa mkokoteni, na kila jiwe la njia ile nalijua.

Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaanza kulima, na mimi nikaona nimekaa vya kutosha. Nikajisemea, Maduhu, nenda uwanjani udake mpira, watu wakuone umepona, kesi iitishwe iishe, Nkwimba apumue. Nikaenda. Nikavaa viatu, nikasimama golini, vijana wakashangilia, "Kipa karudi!" Shuti la kwanza nikalidaka kifuani. Halikuwa shuti kali, hata mwanafunzi angelidaka. Nikasikia kengele. Nikaangalia mikono yangu nikaona mingi. Nikakaa chini taratibu, nikaulizwa kitu, nikajibu kitu kingine.

Wewe unayeumwa, usifanye nilivyofanya. Kila nilichokuwa nimekipata kwa kiangazi kizima kilipotea alasiri hiyo moja. Nilirudi nyuma kuliko mwanzo. Wiki hiyo ndiyo niliyomrushia Minza kikombe kwa sababu alikuwa anaimba. Hakikumpata. Kiligonga ukuta juu yake, naye akanyamaza, akanitazama, akasema "Baba pole." Nkwimba hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kanga yake na jembe lake, akaenda kwao Lagangabilili. Mama akasema aende. Nikataka kumfuata, lakini nilifika kwenye zizi tu miguu ikakataa.

Aliyenitoa hapo ni padre wa misheni, Mmarekani, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alikuja kuwasalimia waumini akanikuta nazunguka zizi nimeshika kichwa. Akaniuliza kilichonipata. Nikamweleza kama wengine wanavyoeleza, Ushirika hivi, Kampuni hivi. Akacheka, si kwa dharau.

"Kwetu tuna mpira wa mikono," akasema. "Tunavaa kofia ngumu. Mtu mwenye mpira akiona atapigwa, anajitelezesha chini, hivi. Maana yake, basi, nimekubali. Hapo hapigwi tena. Ni sheria."

"Na akipigwa?"

"Refa anatupa kitambaa. Halafu watu wanabishana. Huyu anasema alichelewa kulala. Yule anasema mpigaji alikuwa ameshamrukia, angefanyaje? Wanabishana mpaka mwaka mwingine."

"Hata ninyi mliosoma?"

"Hasa sisi." Kisha akaacha kucheka. "Mimi nilipigwa hivyo nikiwa kijana. Nilikuwa silali. Nilimchukia mama yangu kwa kufunga mlango. Wewe unasikia kelele ndani ya meno?"

Ndugu msomaji, niliketi chini. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya meno. Nilimuuliza ilimchukua muda gani. Akasema muda mrefu, lakini iliisha, na akanipa mkono wake nimshike nisimame. Dawa zote nilizopewa, ile ndiyo ya kwanza iliyonisaidia: mtu kuniambia kwamba hata yeye.

Alikuwa anakwenda Mwanza na gari la misheni, akanichukua. Nililala kiti cha nyuma nimefunika uso kwa shuka. Lamadi tulisimama, na kila mtu ndani ya gari akaziba pua kwa sababu ya samaki walioanikwa kando ya barabara. Mimi nilifunua shuka nikavuta pumzi kwa nguvu kadiri nilivyoweza. Hewa tu, safi kabisa. Nilisikitika kukosa harufu ya samaki, mimi ambaye utotoni nilikuwa nawakimbia.

Kwenye hospitali kubwa tulikaa kusubiri mpaka nikawazoea waliokuwa kwenye foleni. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeanguka kutoka juu ya mzigo, naye anaumwa kichwa. Tulipojuana hatukuongea. Alisogea, nikasogea, tukaegemeza vichwa ukutani tukafumba macho, kila mmoja akimlindia mwenzake zamu. Sijawahi kupata mgeni mzuri kama yule. Kama unamtembelea mgonjwa wa kichwa, kaa naye hivyo.

Daktari wa kule alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, sijui alijifunza kazini au alizaliwa nayo. Alinipima, akauliza habari za usingizi, za pua, za hasira. Ya hasira nilitaka kuificha, akasema, "Umemrushia nani kitu?" Nikamwambia. Akaandika bila kunikodolea macho. Mwisho nikamuuliza lile lililokuwa linanila.

"Nitakumbuka lini?"

"Hicho kipande? Hakitarudi. Usikitafute. Kila unapokitafuta unajichosha."

"Lakini nina kesi. Wananisubiri."

"Basi wamsubiri mtu mwingine," akasema, akanipa vidonge vya kulalia na kunitaka nisiguse mpira mpaka mvua zote ziishe.

Nilirudi, na safari hii nilitii. Niliishi kwa kivuli. Asubuhi kidogo nje, jua likipanda ndani. Palizi ya pamba wakafanya majirani, nikaona aibu, nikaimeza. Siku moja nikawa naweza kukaa na kuku wakilia. Siku nyingine nikaweza kuhesabu ng'ombe bila kusahau nilipofika. Wakati mahindi yanapata nywele nikaamka asubuhi, nikasikia harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyolowa mvua. Nilitoka nikasimama pale zizini nikivuta pumzi kama mwendawazimu, natabasamu. Mama aliniona akaenda kumwita jirani.

Nkwimba alirudi mwenyewe, hakuletwa. Alikuwa na kikapu cha michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa, na Minza amemshika mkono. Hakunisalimu. Alikaa mlangoni akavua viatu.

"Nimerudi," akasema. "Lakini nakwambia, baba Minza. Pamba inaanza kupasuka tena na kaka yangu bado hasemeshwi. Amekonda. Kama hamtaitisha kikao, mimi nitamsalimia mbele ya watu wote, wanitenge na mimi."

"Sikumbuki, Mama Minza. Daktari kasema haitarudi."

"Basi kaseme hivyo. Kwani nimekuomba uongo?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Mwaka mzima nilidhani lazima nipate jibu ndipo niende.

Kikao kiliitishwa baada ya chai ya asubuhi kwenye uwanja wa mikutano. Wa Ushirika wakakaa huku, wa Kampuni kule, na Masunga peke yake kwenye jua, hakuna aliyemsogelea. Nkwimba alisema kweli, shati lilimning'inia. Mama yangu alikaa mbele na kanga yake mpya, amejiandaa kushinda.

Mzee Ngasa akaniita. "Maduhu. Umepona?"

"Sijapona."

Watu wakaguna. Akanyoosha fimbo wakanyamaza.

"Lakini unakumbuka."

"Sikumbuki, mzee, na sitakumbuka. Hospitali wameniambia kile kipande kimekwenda. Mkiningoja mimi, mtamtenga Masunga mpaka tuzikwe wote." Jua lilikuwa linanichoma jicho la kushoto, lakini haraka yangu ya kuzaliwa ikanishika, nikamwaga yote. "Ninyi wote mmekumbuka kwa niaba yangu. Mmelala kwenye mkeka wangu mkiniigiza. Haya. Kama nililala nikagongwa, mliona ninyi, amueni ninyi. Lakini mama yangu alimwona mwanawe amekakamaa. Mlitaka alie kwa sauti gani? Na huyu mlamu wangu, tangu pamba ile mpaka hii hajasikia mtu akimwambia mwangaluka. Hata mwizi wa ng'ombe anaambiwa habari za asubuhi kabla hajapigwa!"

Wakacheka. Mzee Ngasa naye akacheka, akaficha mdomo. Alinong'onezana na wazee wenzake, kisha akatoa hukumu: mama alipiga yowe pasipo vita, atoe mbuzi. Masunga alikuwepo kwenye jambo lililosababisha yowe, atoe mbuzi. Waliwe hapo hapo, na watu wote wale, na maneno yaishe. Mama alinuna, lakini alikula. Nkwimba akainuka mbele ya watu wote, akachukua maji, akamnawisha kaka yake mikono. Masunga alishika nyama hakuiweka mdomoni.

Kesho yake mchana, Nkwimba yuko kisimani, Masunga akaja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kichwa chini.

"Mhola, mlamu?" nikamwambia, yaani ni salama?

Hakujibu salamu. "Wewe hukumbuki," akasema. "Mimi nakumbuka."

"Najua."

"Nikwambie?"

Daktari alinikataza kutafuta. Lakini hakunikataza kusikia. Nikamwambia sema.

"Nilikuona umelala. Nafasi ya kuruka ilikuwepo, ningeruka. Asubuhi ile mlikuwa ghalani, mkaniita msaliti mbele ya wanawake, na wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Haikuwa utani ule. Nilipoona umelalia mpira nikasema, ngoja huyu. Sikutaka kukuua, mlamu. Nilitaka ikuume."

Mimi kucheka huko sikukumbuki. Nimejaribu. Nikaona kigoda alichokalia, nikaona jinsi ningekivuta na kumpiga nacho. Nilimchukia kwa moyo wote, pale pale, nasema kweli. Alikuwa ameniacha nizunguke zizi msimu mzima, na mwenyewe anajua. Nikamwambia hayo. Nikamtukana kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, nikatukana na lori lake. Hakujitetea. Hakusema "lakini". Alikaa akayapokea yote, machozi yanamshuka mpaka kwenye magoti.

Nikachoka. Nikaegemea ukuta. Na hapo jambo likatokea ambalo sikulitegemea, kichwa kikanyamaza. Kwa mwaka mzima kila mtu alikuwa amenipa goti la kwake, na kichwa changu kilikuwa kinakimbia huku na huku hakipati pa kutua. Sasa nilikuwa na la kweli. Lilikuwa baya, lakini lilikuwa langu. Nililala palepale sakafuni, mchana, bila kidonge. Masunga alinifunika shuka akaenda.

Niliamka ng'ombe wanaingia zizini. Nkwimba alikuwa amekaa karibu yangu anamenya viazi.

"Kaka yangu alikuja," akasema. "Kakwambia nini?"

"Kanipa pole," nikasema.

Tangu hapo nimezeeka. Ngoma za harusi bado nazikalia mbali, na mwezi wa jua kali bado unanilaza ndani. Sikudaka tena. Pua imerudi nusu. Usingizi umerudi wote. Masunga na mimi tunataniana kama zamani, isipokuwa neno msaliti hatulisemi. Nkwimba kila mwaka amenisimulia jinsi kaka yake alivyoonewa na Sungusungu, na mimi nimeitikia kwa kichwa.

Nilipomaliza kuandika, leo, nilimwita Masunga nikamsomea yote, kwa sababu ni yake pia. Nilimwambia kile kipande cha mwisho naweza kukiacha. Akasema, "Usikiache. Lakini dada asikisome kwenye karatasi." Akainuka, akachukua fimbo yake.

Namwona kutoka hapa nilipokaa. Amesimama mbele ya dada yake pale uani, anaongea, amevua kofia. Nkwimba alikuwa anapepeta mchele. Ameweka ungo chini. Masunga amemaliza kusema, na Nkwimba hamtazami yeye. Ananitazama mimi.